Ukubwa wa Bomba la Kurudisha Maji katika Tangi la Samaki

Tangi la samaki lenye sampu ni matangi mawili yanayotumia maji yale yale. La juu ndilo linaloonekana sebuleni, lenye mchanga, mawe na samaki. La chini, ambalo wafugaji huliita sampu, hufichwa ndani ya kabati na kubeba machujio, hita na vifaa vingine ambavyo hakuna anayependa kuviona mbele ya samaki wake. Maji ya tangi la juu hufurika kwenye ukingo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, hushuka kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye sampu, hupita kwenye machujio, kisha pampu huyasukuma na kuyarudisha juu. Njia ya kushuka na njia ya kupanda hazifuati kanuni moja. Ya kwanza huendeshwa na mvuto wa dunia bila gharama. Ya pili huendeshwa na pampu, na pampu hula umeme usiku na mchana, mwaka mzima. Upana wa bomba la kupandishia ndio unaoamua ni kiasi gani cha umeme huo kinafika juu kama maji, na ni kiasi gani kinapotelea njiani.

Mazoea ya wengi ni kununua pampu kwanza kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, halafu kutafuta bomba linaloingia kwenye mdomo wa pampu hiyo. Utaratibu huo unaanzia mwisho. Jambo la kwanza kuamuliwa ni kiasi cha maji kinachotakiwa kupita kwenye sampu kila saa. Kiasi hicho ndicho kinachochagua bomba, na bomba likishajulikana, pamoja na kimo cha tangi, ndipo pampu inapochaguliwa.

Kwa matangi mengi ya nyumbani inatosha maji yote kupita kwenye sampu mara 4 hadi 6 kwa saa. Hata matangi ya matumbawe siku hizi hayadai zaidi ya hapo, kwa sababu mkondo mkali ambao matumbawe huutaka hutolewa na pampu za mawimbi zinazokaa ndani ya tangi lenyewe. Hizo husukuma maji bila kuyapandisha popote, na kwa hiyo hutumia umeme kidogo. Samaki wanaochafua sana ndio huhitaji mzunguko wa kasi zaidi. Mfano ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ambao rangi zao za njano, buluu na zambarau zimewafikisha katika matangi ya Ulaya, Marekani na Asia. Mbuna ni wakali, na wafugaji huwaweka wengi pamoja kwa makusudi ili ugomvi wao ugawanyike asije akaandamwa mmoja hadi kufa. Wingi huo huleta uchafu mwingi, hivyo mzunguko wa mara 6 au 7 kwa saa unafaa kwao.

Na tuchukue tangi la mbuna lenye urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijaa hadi ukingoni lingebeba lita 540, lakini maji hayafiki ukingoni, na mawe mengi ambayo samaki hawa huyahitaji kwa maficho huchukua nafasi yake. Maji halisi ni kama lita 450. Mara 6 au 7 kwa saa ni takribani lita 3,000, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi. Kabati lake lina kimo cha sentimita 90. Tangu uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya tangi la juu kuna kama mita 1.3.

Kipimo hicho cha mwisho hukosewa mara nyingi. Kimo ambacho pampu hupandisha maji hakihesabiwi tangu pampu ilipo, bali tangu uso wa maji ya sampu, kwa kuwa maji yaliyo juu ya pampu huisaidia kusukuma. Pampu iliyozama sentimita 20 na iliyozama sentimita 5 zina mzigo uleule. Vivyo hivyo kwa upande wa juu: ikiwa mdomo wa bomba umezama ndani ya tangi, hesabu huishia kwenye uso wa maji, hata kama bomba lilipanda juu ya ukingo na kushuka tena. Mdomo ukiwa hewani, hesabu hufika hadi hapo mdomo ulipo.

Mita 1.3 ni mzigo usioepukika. Upo hata bomba liwe pana kiasi gani. Mzigo wa pili ni msuguano wa maji na kuta za bomba, na huu uko mikononi mwa anayejenga. Wahandisi huupima kwa mita za maji pia, kana kwamba tangi limeinuliwa zaidi: msuguano wa mita moja unamaanisha pampu inafanya kazi kama vile tangi lingekuwa mita moja juu zaidi ya lilipo. Kanuni inayotumika sana kwa maji baridi ni ile ya wahandisi wawili wa Marekani, Allen Hazen na Gardner Williams, iliyotolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mujibu wake, maji yanayopita yakiongezeka mara mbili, msuguano huongezeka mara 3.6. Kipenyo cha bomba kikipunguzwa nusu huku maji yakibaki yale yale, msuguano huongezeka karibu mara 29. Hakuna kipimo kingine katika mfumo huu wote kinachotoa adhabu kubwa hivyo kwa kosa dogo.

Katika tangi la mfano, bomba la kurudisha maji lina urefu wa mita 2 na kona 4 za nyuzi 90, na linatakiwa kupitisha lita 3,000 kwa saa. Bomba la PVC la nusu inchi, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15.8, lingeongeza mzigo wa karibu mita 5.5, mara nne ya kimo chenyewe cha kupandisha. Bomba la robo tatu, lenye milimita 20.9 ndani, lingeongeza mita 1.65. La inchi moja, lenye milimita 26.6, lingeongeza mita 0.6 tu. La inchi moja na robo lingeongeza sentimita 19, na la inchi moja na nusu sentimita 10. Kila hatua inaokoa, ila si kwa kiwango kimoja. Kutoka nusu inchi kwenda robo tatu kunaokoa karibu mita 4. Kutoka robo tatu kwenda inchi moja kunaokoa mita moja na zaidi kidogo. Hatua inayofuata inaokoa sentimita 40 hivi, na ya baada yake haifikishi hata sentimita 10. Kwa maji haya, basi, inchi moja ndiyo saizi ambayo faida kubwa imeshapatikana na gharama ya viungo bado ni ndogo. Inchi moja na robo ni ya kutamanika kama nafasi ipo. Kwenda mbele ya hapo hakulipi.

Njia ya mkato ya kufika kwenye jibu hilo bila hesabu ndefu ni kuangalia kasi ya maji ndani ya bomba. Mafundi wa mifumo ya maji hupendelea kasi isizidi mita 1.5 kwa sekunde. Ikizidi hapo, msuguano hupanda haraka na bomba huanza kuvuma, sauti ambayo haivumiliki katika chumba cha kulala au sebuleni usiku. Kwa kasi hiyo, bomba la PVC la nusu inchi hupitisha kama lita 1,050 kwa saa, la robo tatu lita 1,850, la inchi moja lita 3,000, la inchi moja na robo lita 5,200, na la inchi moja na nusu lita 7,100. Hesabu ikiangukia katikati ya saizi mbili, ichukuliwe kubwa. Bomba pana kupita kiasi lina kasoro chache: viungo vyake ni vikubwa na vigumu kupangika ndani ya kabati, na tundu lake kwenye kioo ni kubwa. Hofu kwamba bomba pana hubeba maji mengi mno haina msingi, kwani mita moja ya bomba la inchi moja na robo hubeba chini ya lita moja.

Namba hizo ni za PVC yenye vipenyo vya ndani vilivyotajwa, na hapa ndipo wengi katika Afrika Mashariki hunaswa bila kujua. Katika nyumba nyingi zinazojengwa sasa, maji husambazwa kwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki nene yanayounganishwa kwa mashine ya joto. Fundi bomba huyaita kwa majina ya inchi aliyoyazoea: la milimita 20 ni nusu inchi, la milimita 25 ni robo tatu, la milimita 32 ni inchi moja. Lakini milimita za PPR hupimwa nje, na ukuta wake ni mnene. Bomba la PPR la milimita 25 la daraja la PN20 lina ukuta wa milimita 4.2 kila upande, kwa hiyo tundu lake ni milimita 16.6 tu, karibu sawa na PVC ya nusu inchi. La milimita 32, linalouzwa kama inchi moja, lina tundu la milimita 21.2, yaani robo tatu ya PVC. Mwenye tangi anayemwagiza fundi alete "inchi moja" anaweza kupata bomba linaloongeza mzigo karibu mara tatu ya alioutarajia, na risiti ikawa sahihi kabisa. Anayetaka tundu la milimita 26.6 kwa PPR ya daraja hilo anatakiwa kununua la milimita 40. PPR za daraja la PN16 zina ukuta mwembamba kidogo, na kwa shinikizo dogo la tangi la samaki zinatosha bila wasiwasi wowote: la milimita 32 lina tundu la milimita 23.2 na la milimita 40 lina milimita 29. PPR ina jambo jingine la kuangalia. Bomba likikaa kwenye mashine ya joto kwa muda mrefu kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka hujikunja kwa ndani na kuacha pete inayoziba sehemu ya tundu, na pete hiyo haionekani baada ya kiungo kufungwa.

Kwa sababu hizi, kipimo cha kuaminika dukani ni rula au kaliba inayowekwa kwenye tundu la bomba lenyewe. Jina la bomba lisitegemewe.

Baada ya bomba, kona ndizo zinazofuata kwa kula nguvu ya pampu. Elbo moja ya nyuzi 90 huleta msuguano sawa na wa bomba lililonyooka lenye urefu wa vipenyo 30 hivi. Kwa bomba la inchi moja hiyo ni sentimita 80. Kona 4 za tangi la mfano, kwa hiyo, ni sawa na kuongeza zaidi ya mita 3 za bomba juu ya zile mita 2 zilizopo. Elbo ya nyuzi 45 huleta karibu nusu ya hasara hiyo, na panapokuwa na nafasi, mbili za nyuzi 45 zikiachana kidogo hugeuza maji kwa ulaini zaidi ya moja ya nyuzi 90. Mpira laini wa kipenyo kilekile unaopinda polepole kutoka kwenye pampu hadi ukutani mwa kabati unaweza kuondoa kona mbili kabisa, na pia huzuia mtetemo wa pampu usipande kwenye bomba na kioo. Unatakiwa uwe wa rangi nyeusi au usiopitisha mwanga, kwani mpira unaopitisha mwanga huota mwani ndani. Koki ya kuzungusha robo mzunguko, ikiwa tundu lake ni la upana kamili, haina hasara ya kuhesabika ikiwa wazi. Iliyobanwa ndani kwa ajili ya kupunguza bei ina hasara kubwa.

Mdomo wa pampu nyingi za nyumbani ni mwembamba kuliko bomba linalotakiwa. Hilo si sababu ya kufuata wembamba huo hadi juu. Hasara hutegemea urefu ambao maji husafiri katika wembamba, na sentimita chache za mdomo wa pampu ni kitu kidogo mbele ya mita 2 za bomba. Utaratibu mzuri ni kupanua mara moja baada ya pampu kwa kiungo cha kubadilisha saizi, kubaki na upana huo hadi juu, na kubana mwishoni tu, kwenye nozeli, pale ambapo kasi ina kazi ya kufanya: kusukuma maji ya juu yazunguke tangi zima na kuupasua uso wake ili hewa safi iingie. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kinyume chake, bomba jembamba njia nzima na mdomo mpana juu. Hapo mwenye tangi hulipia msuguano wote, kisha maji hutoka yamelegea.

Tangi refu kama hili huhitaji midomo miwili, mmoja kila upande. Bomba hugawanywa kwa tii karibu na juu, na matawi yake hayahitaji kuwa mapana kama shina, kwa kuwa kila moja hupitisha nusu ya maji. Matawi mawili ya robo tatu yana jumla ya eneo kubwa kuliko shina la inchi moja. Mawili ya nusu inchi yana eneo dogo kuliko shina hilo, na yanafaa tu yakiwa mafupi sana.

Sasa pampu inaweza kuchaguliwa. Namba ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa bila kimo chochote, na ya mita za juu kabisa hupimwa pale ambapo hakuna hata tone linalotoka. Hakuna tangi linalofanya kazi katika hali hizo mbili. Kinachotakiwa ni mchoro wa utendaji ambao watengenezaji makini huutoa pamoja na pampu, unaoonyesha lita zinazotoka kwa kila kimo. Tangi la mfano, kwa bomba la inchi moja, linahitaji pampu inayotoa lita 3,000 kwenye kimo cha mita 1.9: mita 1.3 za kupandisha na 0.6 za msuguano. Pampu yenye lebo ya lita 5,000 na kimo cha juu cha mita 3 ingekaribia hapo. Pampu hiyo hiyo ikifungwa bomba la robo tatu ingetoa kama lita 2,350. Kwa bomba la nusu inchi ingetoa kama lita 1,500, chini ya theluthi moja ya lebo yake. Malalamiko mengi kwamba pampu fulani ni dhaifu ni malalamiko dhidi ya bomba.

Anayejaribu kuponya bomba jembamba kwa pampu kubwa huongeza bili. Ili lita 3,000 zipite kwenye bomba la robo tatu badala ya la inchi moja, pampu inatakiwa kushinda mita 1.05 zaidi, ambayo ni kazi ya wati 8.6 kwenye maji. Ikiwa pampu hugeuza theluthi moja ya umeme wake kuwa kazi hiyo, wati 26 za ziada zitatoka ukutani muda wote, na kwa mwaka zitafika uniti 228. Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua umeme kwa LUKU au wa Mombasa anayenunua tokeni anaweza kuzidisha namba hiyo kwa bei ya uniti anayoijua na kulinganisha na bei ya mita 2 za bomba. Tena umeme huo haupotei hewani. Katika pampu iliyozamishwa, karibu wote huishia kuwa joto ndani ya maji. Kwa nyanda za baridi hilo lingekuwa msaada kwa hita. Kwa miji ya pwani, ambako tatizo la mfugaji ni kupoza tangi, ni hasara mara mbili.

Umeme ukikatika, bomba la kurudisha maji hugeuka kuwa njia ya kushukia. Maji yaliyomo hurudi chini kupitia pampu iliyosimama, na yakishaanza kushuka hujivuta yenyewe, yakinyonya tangi la juu hadi mdomo wa bomba upate hewa. Katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hili ni suala la sakafu na zulia, na linastahili kupimwa kwa uangalifu kuliko jambo lingine lolote katika ujenzi huu. Tangi la mfano lina uso wa sentimita 150 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 9. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 3 chini ya uso, lita 27 zitashuka. Katika sampu yenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40, maji yatapanda sentimita 7.5, na yataongezwa kidogo na yale yaliyokuwa ndani ya mabomba. Sampu inayoachiwa nafasi ya sentimita 12 inayamudu. Mdomo ukiwa sentimita 15 chini ya uso, lita 135 zitashuka, na sampu ingehitaji sentimita 37.5 za nafasi ambazo haina. Maji yatakuwa sakafuni kabla mtu hajaipata tochi.

Tiba ya kweli ni kuweka mdomo karibu na uso. Wengine hutoboa tundu dogo kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie maji yanapoanza kushuka. Tundu hilo hufanya kazi likiwa safi, lakini konokono mmoja mdogo au mwani wa wiki chache hulitia kizibo. Valvu ya kuzuia maji kurudi, inayofungwa juu ya pampu, ina udhaifu huohuo: utando, chokaa au punje moja ya mchanga huizuia isifunge, nayo huongeza msuguano kila saa ambayo umeme upo. Mojawapo ya hizo inaweza kuwa nyongeza. Ulinzi wenyewe ni nafasi tupu ndani ya sampu.

Umeme unaporudi, pampu huanza yenyewe, na maji inayopeleka juu lazima yawe na njia ya kushuka. Bomba la kushushia hutegemea mvuto peke yake na hubeba hewa pamoja na maji, kwa hiyo hupitisha kidogo kuliko bomba la kurudishia la saizi ileile. La inchi moja linaloshusha maji na hewa hukadiriwa kumudu lita 2,200 kwa saa, pungufu ya lita 3,000 za mfano huu. Hapo linafaa la inchi moja na nusu, pamoja na lingine la dharura la upana huohuo, mdomo wake ukiwa juu kidogo na usiozibwa na chochote. Bomba pana la kurudishia halifurikishi tangi kama la kushushia ni pana zaidi. La kushushia likiwa jembamba, koki iliyo upande wa kutokea wa pampu, au pampu inayopunguzwa kasi kwa kidhibiti, ndiyo ya kupunguzia maji. Upande wa kunyonya usibanwe kamwe, maana pampu inayonyimwa maji hutengeneza viputo ndani yake, huunguruma na huharibika.

Bomba jipya halibaki jipya. Utando wa bakteria hujijenga ndani ya kila bomba la tangi, na katika maji ya bahari huongezeka chokaa na minyoo midogo ya mirija. Utando wa milimita moja tu kuzunguka ukuta wa ndani huongeza msuguano wa bomba la robo tatu kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa sababu hiyo yunioni, yaani viungo vinavyofunguka, huwekwa juu ya pampu na karibu na tangi, ili kipande cha katikati kitolewe, kipigwe brashi na kulowekwa kwenye siki. Bomba lililogundishwa kuanzia pampu hadi kioo bila yunioni litakatwa siku ya kulisafisha.

Kuhusu malighafi, PVC na PPR zinafaa kwa maji baridi na ya bahari. Shaba, pamoja na viungo na koki za shaba nyeupe au njano, haitakiwi kugusa maji ya tangi, kwa kuwa hata kiasi kidogo huua kamba, konokono na matumbawe. Bomba la chuma lililopakwa zinki nalo halifai. Tundu la konekta ya tangi kwenye kioo ni kubwa zaidi ya bomba lenyewe, na hupimwa kwa konekta iliyokwisha kununuliwa. Liachwe mbali na ukingo wa kioo kwa umbali usiopungua kipenyo cha tundu. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitoboki; hupasuka chote vipande vipande.

Mfumo ukishaunganishwa na gundi kukauka, hujazwa maji matupu bila mchanga wala samaki na kuachwa ufanye kazi siku nzima, huku kila kiungo kikipanguswa kwa karatasi kavu kutafuta unyevu. Kisha swichi huzimwa. Maji ya sampu yakiacha kupanda, na yakiwa bado chini ya ukingo, umeme huwashwa tena. Yakishatulia, mstari huchorwa kwa nje kwenye kimo chake cha kazi. Kuanzia siku hiyo, yeyote nyumbani anayeongeza maji asiuvuke mstari huo.